Wafalme Wawili wa Mwalimu

…na asinitazame kwa macho yale, macho ya kumtazama mtoto aliyechelewa mstarini, kwani mimi mwanafunzi wake, hajanifundisha hata kushika kalamu huyu, amestaafu ualimu mkuu mwaka wa sita sasa na bado akikaa kitini unadhani kiti ndicho kilichoitwa ofisini, amua basi, Mwalimu, tupa karata zako uendelee kutafuna biskuti, vifuniko vyangu vyote viko katikati ya meza, vyeupe, vya buluu, na vile vya kahawia ambavyo kimoja ni sawa na vyeupe ishirini, nimevisukuma kwa kiganja kimoja bila kuvihesabu, kama mtu mwenye kitu, na sina kitu, sina hata harufu ya kitu, nina saba ya kopa na nne ya pau, na pale mezani wamelala mfalme wa uru, kumi, nane, tatu na mbili, hakuna kinachoshikana na chochote, takataka juu ya takataka, lakini wao hawajui, hapo ndipo utamu wa poka ulipo, karata mbili za siri kwa kila mtu, tano za wote katikati, anakula mwenye mkono mzuri, au mwenye kifua cha kuwafanya wengine waamini anao, na kifua ninacho, miezi minane hii nimewakamua kila Jumapili hapa hapa, saa nane mchana kweupe, kwenye meza hii yenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kigingi cha karatasi za maelezo ya dawa, chini ya kalenda ya kampuni ya vidonge yenye picha ya bibi anayecheka na magoti yake, nimewakamua na wanarudi, sijui wameumbwa na nini.

Na vifuniko vyenyewe, tazama, vifuniko vya chupa za dawa ya kikohozi, mtu ana duka la dawa, ana gari, ana meno mawili ya bandia aliyoyalipia taslimu, na hawezi kununua vidude vya kuchezea poka kama watu, akaokota vifuniko, akaviosha kwa maji ya moto, akasema jamani hivi vinatosha, huyo ndiye shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwenye nyumba, mwenye kila kitu ila akili ya karata, yeye amekwisha kutupa zake zamani, sasa anapanga biskuti kwenye sahani duara duara kama anapanga maduka, na ananiuliza, "Shem, nikuongezee chai?" na mimi nasema sitaki, mtu hawekewi chai mdomoni akiwa vitani, hana adabu ya mchezo, hajawahi kuwa nayo, na huyu wa tatu, mpima ardhi, rafiki yake tangu shule, kazi yake kuchomeka vigingi kwenye viwanja vya watu na kurudi wiki ijayo kuapa kwamba havikuwa pale, ameshika karata zake mbili kwa vidole vyote kumi kama zitaruka, zamu yake ni baada ya Mwalimu, na tayari kidevu anakikuna, akikuna kidevu ana kitu kidogo, akikuna shingo hana kitu, nilimsoma mwezi wa kwanza tu, nikamwambia mke wangu, mtu yule ni kitabu cha chekechea, herufi kubwa na picha, akacheka, alikuwa anakunja nguo za watoto, akauliza, "Na kaka?" nikamwambia kaka yako ndiye bwege kuliko wote, utanisamehe, akaendelea kukunja, akaupangusa mkono wa shati kwa kiganja, akasema, "Kaka hajawahi kujua michezo."

Miaka minne kabla ya hapo walikuwa wananila, sikatai, nilikuwa nacheza nimechoka, nimetoka kwenye mashimo ya lifti nimejaa grisi hadi masikioni, kichwa kiko ghorofa ya saba nawaza breki, utasoma uso wa nani, ila waliponiachisha kazi akili ilitulia, ndivyo nilivyojieleza, mtu aliyesikiliza mashine miaka kumi na tisa hashindwi kusikiliza mpima ardhi, lifti kabla haijaharibika husema, hukohoa kidogo ikikaribia ghorofa, hutetemeka mlango, na binadamu ni hivyo hivyo, niliwaeleza hapa hapa mezani, kwa kirefu, kidole juu, nikawaambia msitazame karata, tazameni mikono, mkono ukitetemeka sana baada ya kusukuma vifuniko huyo anaogopa, lipieni, wekeni vifuniko sawa na vyake afunue karata, na Mwalimu akafungua pochi, akatoa daftari, akaandika, kweli kabisa, mwalimu mkuu mzima aliandika maneno yangu na akaniomba nirudie pale penye mlango wa lifti, na mimi nikarudia, Mungu wangu, kwa nini nakumbuka hilo sasa hivi na kwa nini linaniwasha… aamue, aamue basi, Jumapili itaisha.

Halafu haya mambo ya kuniita Fundi, "Fundi leo ana moto," "Fundi hatunusuru leo," ufundi upi, nimeachishwa kwa ufundi wenyewe, meneja aliniwekea fomu mezani, hoteli ya ghorofa saba, akasema tia sahihi kwamba kamba ni nzima, na mimi nilikuwa nimetoka kuipitisha kamba ile ya chuma kwenye kitambaa mkononi mwangu, nyuzi zilizokatika zilinichania kitambaa vipande, nikamwambia kamba imechoka, haifai, sitii sahihi kwenye uongo, akasema uongo ni neno kubwa, nikasema basi tafuta dogo, nikatoka nimejaa kifua, na wiki iliyofuata barua, na sahihi akatia kijana mwingine ambaye hata kofia ya kazi alikuwa anaivaa nyuma mbele, na miezi minane sasa lifti ile inapanda na kushuka na wageni na masanduku yao, haijamwangusha mtu, aliyeanguka ni mimi, lakini nilianguka nikiwa msafi, hilo hakuna wa kuninyang'anya, mimi si mtu wa uongo, mke wangu mwenyewe aliniambia usiku ule ule, bora njaa na mume anayenitazama usoni, na njaa haikuja, kwa sababu nilikuwa na Jumapili zangu, nilifika nyumbani jioni na kitu mkononi, yeye ana mshahara wake wa pale mapokezi kliniki na mimi nina Jumapili zangu, nikawa naziita kazi, kazi yangu ya Jumapili, na watoto wakajua baba ameenda kazini…

"Haya," anasema Mwalimu, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa blauzi, anaivaa tena, "mimi na huyu hatuwezani, nimenawa mikono," na anazisukuma karata zake mbili kuelekea lundo la zilizotupwa, anazisukuma kwa kucha kama anasogeza mtihani wa mtoto aliyepata sifuri, vizuri, mmoja ameondoka, amebaki yule wa vigingi, na ndipo karata zake zinajikwaa kwenye ukingo wa kisahani cha chai, zinanyanyuka, zinageuka, zinalala chali zote mbili, kifudifudi ndiyo sheria na hizi zimelala chali zikinitazama, mfalme wa kopa na mfalme wa pau. Na mfalme wa uru yuko katikati ya meza. Watatu. Alikuwa na wafalme watatu. Na shemeji, ambaye mkono wake huchukua dakika nzima kufika kwenye kikombe, mkono umeruka kama wa mtu aliyeona nyoka, umetua na sahani ya biskuti juu ya wafalme wote wawili, "Biskuti, jamani, mbona hamli," na hakuna anayekula, na hakuna anayesema kitu, friji tu jikoni inanguruma, na Mwalimu anaangalia dirishani kama kuna gwaride.

Ngoja. Ngoja kwanza, labda hakuona, ana miaka sitini na kitu, miwani yake… ameifuta sasa hivi, amezitazama karata zile mara tatu, nilimhesabia, na mtu haoni vipi wafalme wawili, si sita na tisa kwamba zitachanganyana, wafalme, wana ndevu, na mezani yupo wa tatu, kumi, nane, tatu, mbili, hakuna karata tatu za alama moja, hakuna mfuatano unaoweza kukamilika, hakuna karata mbili duniani ambazo mimi ningekuwa nazo zikamshinda, hakuna, hata ningezichora mwenyewe, na mwanamke huyu ambaye hatoi kifuniko cheupe mpaka akikague nyuma na mbele ameutupa mkono usioshindika, ameutupa na kuniambia hatuwezani, na faini iko wapi, faini, sheria ni ya kwake, aliitunga yeye, anayeonyesha karata zilizotupwa wakati wenzake bado wanacheza anatoa kifuniko kimoja cheupe, alimtoza shemeji kwa sababu alipiga chafya karata zikadondoka, alimtoza mpima wiki aliyomzika baba yake, akasema pole sana mwanangu na faini weka hapo, sasa wafalme wawili wamelala chali mezani mbele ya watu wanne wazima na hakuna anayetaja faini, kwa sababu ukitaja faini unakiri kwamba zimeonekana, na zikishaonekana…

Wananiachia. Si leo tu. Mkono wa Mwalimu umeteleza leo lakini desturi si ya leo, watu hawanyamazi pamoja vizuri namna hii bila mazoezi, wananiachia, miezi minane, wamenivisha kilemba cha ukoka na mimi nikakipigia pasi, nikakivaa barabarani, na ile Jumapili nilipomfukuza mpima kwa jozi ya mbili, akajipiga paji la uso na kusema "umeniua," nikatembea nyumbani kwa miguu ili raha isiishe haraka, na ile siku ya daftari, jamani, daftari, aliandika nini mle, aliandika nini mwanamke yule wakati mimi nimesimamisha kidole naeleza mlango wa lifti, aliandika orodha ya sabuni na chumvi, na wenzake wakatikisa vichwa, ehee, ehee Fundi, endelea, na walipokuwa wakinisindikiza mlangoni na kufunga, walikuwa wanasemaje, walikuwa wanacheka, afadhali wawe walikuwa wanacheka, nitawasamehe wakiwa walicheka, lakini mpima si mtu wa kucheka na Mwalimu alikuwa ananifungia biskuti kwenye karatasi, "za watoto," walikuwa wananihurumia, hayawani hawa walikuwa wananihurumia, na kila mtu alirudi kwake akiwa ameshiba thawabu.

Na kichwa cha yote ni yule pale mwenye sahani, angalia anavyojitia kuhesabu biskuti, bwana mkubwa, mtoa misaada, alishindwa kunijia kama mwanamume na kuniambia shemeji najua mambo magumu shika hii, ningemtupia usoni, na alijua ningemtupia, ndiyo maana akanizungukia, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akawapanga rafiki zake, wewe ukiona Fundi amesukuma tupa, na wewe Mwalimu tupa, nitawafidia, pesa yake, pesa ya vidonge, nimelishia wanangu pesa ya vidonge vya huyu mtu na kumwita bwege mbele ya dada yake, basi nitasimama, nitasimama sasa hivi nipindue meza hii na mguu wake mfupi, nitamwambia shika pesa yako, kopo lile pale kiwikoni kwake, kopo la maziwa ya unga tunamotia pesa kila mtu anaponunua vifuniko, kifuniko chake kiko wazi, nitaliinua nilimwage juu ya upara wake, noti kwa noti, ile ya juu kabisa ndiyo nitaanza nayo, ile iliyochanika katikati ikaungwa kwa utepe mweusi…

Utepe wa umeme. Ule utepe ni wangu. Noti ile niliiunga mimi, Jumapili ile nyingine, ilipasuka nilipokuwa naitoa mfukoni nyumbani, nikaleta utepe kutoka kwenye sanduku la vifaa, nikaiunga mezani mbele ya mke wangu, nikaikata pembeni kwa meno, akasema, "Hii nani atapokea sasa?" nikamwambia pesa ni pesa, akaiweka kwenye mkoba, na leo mchana shemeji ndiye aliyeitia kwenye kopo lile, nilimwona, alipokuwa ananunua vifuniko vyake, sikutilia maanani, sasa tulia, tulia, ni rahisi, mke wangu alinunua dawa ya kikohozi dukani, kaka akapokea, akaja nayo, basi, ndugu hupokeana noti mbovu, lakini pesa ya duka hailali nyumbani kwake, hilo mji mzima unajua, jioni anaifunga na kuipeleka, hata nauli anachukua mfuko mwingine, na leo hakuitoa kwenye pochi, aliitoa kwenye bahasha, bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili na kubanwa, akakitoa kibanio, akakitia mfuko wa shati, na kipo, kinachungulia pale, kibanio cha nywele, cheusi, chenye meno ya mawimbi, na shemeji hana unywele mmoja kichwani.

Hivyo ndivyo mke wangu anavyobana kila kitu. Mfuko wa sukari, ripoti za watoto, bili ya maji, barua yangu ya kuachishwa kazi aliibana hivyo hivyo pamoja na vyeti vyangu akasema zikae pamoja. Na Jumapili asubuhi hupitia dukani kwa kaka yake, "namsalimia," dakika kumi tu, miezi minane ya kumsalimia mtu dakika kumi. Mshahara wake. Anapokea mshahara wake pale kliniki, anaubana, anampa kaka yake, kaka anaugawa kwa hawa wawili chini ya meza, wananiachia mimi, mimi naupeleka nyumbani nimenyoosha shingo, namwekea kiganjani, "shika, mama watoto," na yeye anashukuru kwa mikono miwili, anainama kidogo, Mungu wangu anainama, anashukuru kwa pesa yake mwenyewe iliyotembea mji mzima ikarudi na utepe wangu mgongoni, na hakuniuliza hata siku moja umepata ngapi, nikadhani ni heshima, hakuniuliza kwa sababu anajua, alihesabu mwenyewe asubuhi… na mwanzo wa mwezi, hee, mwanzo wa mwezi, nyota yangu hupanda mwanzo wa mwezi, nilikwisha kuwaambia hata hawa, nikawaambia nimechunguza, wiki ya kwanza sishikiki na wiki ya nne karata zinakataa, nikasema labda ni mambo ya mwezi angani, na mpima ardhi akasema inawezekana, bahari yenyewe inavutwa na mwezi, alisema hivyo bila kutikisa hata nyusi, mshahara wake, ni mshahara wake unaopanda na kushuka, si nyota, na ile Jumapili aliyoniambia mlangoni, "leo usiwamalize, mwachie kaka apumzike," nikacheka, nikambusu kwenye paji, nikamwambia vita haina huruma, mtoto wa pili alikuwa ametoka kununuliwa viatu, hakuwa na kitu, alikuwa ananiomba nisitegemee, na wiki ile nilishinda vifuniko vitatu vyeupe nikarudi nimenuna, sikula, nikamwambia kelele zenu humu ndani ndizo zinazonitoa akili, akawatoa watoto nje.

"Mh," anasema mpima. Bado anafikiri. Kila mtu bado amekaa pale pale, sahani juu ya wafalme, chai imefanya utando, jua limesogea kidogo kwenye kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, haijafika hata dakika mbili tangu Mwalimu afute miwani, "hii ngumu, Fundi, hii ngumu sana, hebu niache nifikirie," na mimi nilikuwa najua anachofikiri, nilikuwa nina hakika, nilikuwa naomba aogope, atupe, nikusanye vifuniko vile vyote kwa mikono miwili nijaze kiganja cha mke wangu, sasa namtazama na namwona kwa mara ya kwanza, mtu huyu hafikirii karata, amekwisha kuamua, ameamua tangu asubuhi alipooga, ana kitu kizuri pale mkononi, alinifuata toka mwanzo, ana mfalme wa mwisho au ana jozi ya kumi, hata angekuwa na mbili moja tu angenishinda, anachofikiria ni muda, anapima, ndiyo kazi yake kupima, atulie kwa muda gani ndipo atupe na mimi niamini, akitupa haraka nitashuku, hasa baada ya lile la Mwalimu, sasa inabidi ahangaike zaidi, azichungulie tena karata, afyonze meno, na anafanya, maskini ya Mungu, anafyonza, na shingo anaikuna, shingo, si kidevu, huyu mtu ameniundia alama, ameketi miezi minane anakuna mahali mahali ili mimi nijione nasoma, na nilimwita kitabu cha chekechea.

Mimi nilikataa kutia sahihi. Ndiyo ninayoisema kila mahali, ndiyo iliyonipa usingizi, mtu mmoja mji mzima asiyetia sahihi kwenye uongo, na kumbe kila Jumapili jioni nimetia, kiganjani mwa mke wangu, kwa tabasamu, na hakuna aliyenilazimisha, kwani sikujua kabisa, kabisa kabisa, mtu anayesikia breki imechoka kutoka ghorofa tatu chini hakusikia mambo haya, yaliyokohoa waziwazi mbele yangu, nilisikia, pengine nilisikia nikapandisha sauti, ndiyo maana ya kidole juu na mihadhara… Basi lipia. Lipia, wewe mpima. Usitupe. Weka vifuniko vyako pale katikati, useme nakulipia Fundi, onyesha, na mimi nifunue saba na nne, wote wazione, takataka, mchana huu, nipoteze kila kifuniko kihalali, nirudi nyumbani mikono mitupu na niwe nimeshindwa na mtu kweli, ndiyo, najua, zitarudi kwa shemeji na shemeji atamrudishia dada yake na zitafika jikoni kwangu kabla yangu, si kitu, sitaki pesa, nataka kushindwa, kushindwa ni kwangu, hakuna mwingine mwenye nako.

Nitamsaidia. Mkono wangu uko juu ya meza kando ya karata, miezi minane nimeufundisha kulala kama jiwe, nauacha, nauachilia utetemeke, na hauhitaji kubembelezwa, unatetemeka wenyewe, vidole vinagonga plastiki, tik tik tik, kisahani cha chai kinalia, mtazame, mpima, nilikufundisha, Mwalimu aliandika, mkono ukitetemeka huyo anaogopa, lipieni, na anautazama, anautazama kweli, macho yake yanashuka kwenye mkono yanakaa pale muda mrefu, na Mwalimu naye anautazama, na shemeji anaacha biskuti, wote watatu wanautazama mkono wangu na uso wa shemeji unafanya kitu ambacho sitaki kukiona, na mpima anainua macho, anasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Duh. Mkono unatetemeka hivyo, Fundi, leo umeshika kitu kizito."

Usiseme hivyo. Wee, usiseme hivyo, nimekuonyesha wazi, nimekufungulia mlango wote, ni uoga, ni uoga mtupu, soma, soma basi kama nilivyokufundisha… na bado hajatupa, karata ziko vidoleni, anazipandisha kidogo, anazishusha, anapima, anafikiria vizuri sana, kwa wema wote alionao, na sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia huyu wakati huu, kwa jinsi alivyo mwema, na Mwalimu namchukia na biskuti zake za watoto, na shemeji na kibanio kile mfukoni, na yule aliyeko nyumbani, la, yule siwezi, nimejaribu na siwezi, jioni hii atafungua mlango kabla sijabisha, atanyoosha mikono miwili na kuniambia pole na kazi, na mimi nitauweka wapi uso huu, ee mpima, ee ndugu yangu, kwa huyo baba yako uliyemzika, nilipie, nichukulie vyote, nakuomba.